Futi Moja na Nusu

Mihang'o, mwezi wa pili. Ardhi imeachama.
Udongo huu mweusi hunywa masika hadi ukavimba,
kiangazi ukajikunja kama mkate uliosahaulika kabatini,
na nyumba yetu imekaa juu yake miaka ishirini na sita,
ikipandishwa, ikishushwa,
hata ufa ukatoka dirisha la jikoni
ukafuata viungo vya mawe, ngazi kwa ngazi, mpaka chini.

Baba aliuziba kila Desemba.
Saruji kidogo, maji, kisu cha mezani.
Usipoziba ufa, alianza, nasi tukamalizia.
Fundi Lumbasi anacheka, si kwa dharau.
"Ufa ni mdomo tu. Maumivu yako huku."
Anagonga sakafu kwa kisigino.
Kisha anabandika kipande cha kioo juu ya ufa,
plasta ncha hii, plasta ncha ile,
kioo chembamba cha fremu ya picha:
"Huyu ndiye askari wa zamu. Tusubiri."
Siku ya tisa kioo kilikatika
bila sauti, mama akichambua sukuma.

Siku ya kumi wakaja na sururu.

Sikujua kwamba nyumba hutibiwa kwa kurukaruka.
Huchimbi upande mzima, ikakuangukia.
Unachimba hatua moja, unaruka mbili,
unasuka nondo, unamwaga zege, unangoja,
ndipo unarudi pale uliporuka;
na siku zote hizo nyumba inasimama
kwa kile ambacho bado hujakigusa.

Mama alikataa kuhama.
Alipika chai juu ya shimo.
Sururu ikigonga, sufuria ilitetemeka;
aliisogeza, akaendelea.

Kona ya jikoni, Odero akaita kutoka chini.

Baba alisema futi tatu. Aliwaambia wageni,
aliwaambia mashemeji waliobisha:
futi tatu, nondo nne, kokoto safi.
Pande nyingine ni kweli. Tulipima.
Kona ile: futi moja na nusu.
Nondo mbili. Vipande vya matofali,
na kizibo cha soda kilichogandia ndani.

Lumbasi akatazama kando,
adabu ya fundi anayezijua siri za marehemu.
"Pesa ziliisha hapa," akasema. "Huonekana hivi."

Nikahesabu. Kona hii ndiyo waliyomalizia, Januari.
Januari ile nilikuwa na sanduku la bati la bluu,
jina langu kwa rangi nyeupe, bado mbichi,
godoro, sweta mbili, jembe,
na risiti ya karo yenye mhuri: imelipwa yote.

Nikashuka shimoni. Nikaweka kiganja
juu ya zege ile nyembamba. Ilikuwa baridi.
Nilitaka kusema kitu.
Odero alihitaji nafasi ya kuchimba.

Mama alikuwa mlangoni na birika.
"Ulijua?"
"Unadhani nani alimshikia taa?" akasema.
"Sukari kiasi gani?"

Tulishuka hadi udongo mweusi ulipoishia
na sururu ikalia juu ya mwamba.
Nondo nne. Mifuko kumi na saba ya saruji.
Kizibo cha soda nilikataa kitolewe.
Jeki mbili za lori zikainua kona,
robo inchi, robo nyingine,
vumbi la miaka likadondoka kutoka darini
juu ya kofia ya Lumbasi, naye hakupangusa,
alikuwa anasikiliza.

Sasa ni Aprili. Mvua imepiga siku nne.
Kioo kipya juu ya ufa bado kizima;
mama hukitazama kabla hajanawa uso.
Ila mlango wa jikoni haukai sawa.
Kila masika baba aliupiga randa,
akiupunguza ufuate nyumba ilivyoinama,
na sasa nyumba imenyooka,
mlango umebaki na mshazari wake.
Chini yake pana upenyo wa vidole viwili.
Asubuhi mwanga hupita hapo, na siafu, na baridi.

Fundi amesema ataleta mlango mwingine.
Mama amemwambia asisumbuke.